Mwenye Kudai na Alete Ushahidi

Khutba ya Ijumaa iliyotayarishwa Kituntu, Karagwe, kwa ajili ya kutangazwa redioni

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, ambaye hakuwaacha waja wake pasipo dalili. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Amma baad.

Ndugu Waislamu mliohudhuria hapa, na nyinyi wasikilizaji mlioko majumbani, mashambani na safarini, nakuusieni pamoja na nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu.

Alhamisi moja, baada ya sala ya Laasiri, alinijia mzee mmoja wa hapa kwetu, mkulima wa kahawa na migomba, mtu ambaye safu ya mbele ya msikiti haimkosi. Alifuatana na mwanawe wa kiume aliyekuwa amerudi kutoka masomoni mjini. Nilimkaribisha mkekani, asikae. Alisema, "Shehe, nimekuletea mtu huyu uniamulie. Anasema hajui kama Mwenyezi Mungu yuko. Nataka kumtoa nyumbani kwangu, lakini nataka kwanza hukumu ya kitabu." Kijana aliniamkia kwa adabu, nami nikamwitikia. Kisha akasema, "Shehe, mimi sikusema kuwa hayuko. Nilimwambia Tata kwamba nyinyi ndio mnaosema yuko, basi ushahidi ni juu yenu kuuleta. Hapo ndipo aliponyanyua fimbo."

Ndugu zangu, wote wawili wamenipa ruhusa niyaseme haya mbele yenu, kwa sharti nisiwataje. Nami nayasema kwa kuwa najua nyumba nyingine, katika Karagwe hii na kule Kyerwa, ambamo neno hilohilo limesemwa na fimbo hiyohiyo imenyanyuliwa.

Nilimwambia mzee akae, kwani maneno aliyoyaita kufuru yametoka katika mafundisho yetu wenyewe. Kila aliyesoma Arbaini ya Imamu Nawawi ameipita Hadithi ya thelathini na tatu, aliyoipokea Ibn Abbas. Humo Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba lau watu wangepewa kila wanachokidai kwa midomo yao tu, wangejitokeza wa kudai mali za wenzao na damu zao, na kwa hiyo mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi, na mwenye kukana huapishwa. Juu ya msingi huo makadhi wamehukumu tangu zama za Masahaba. Mahakama zetu za serikali nazo hazikwenda mbali, kwani Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, katika kifungu chake cha 110, inamtaka yule anayesema kwamba jambo fulani lipo alithibitishe. Basi kijana huyu alichukua mizani ya Mtume wake akaiweka mbele ya baba yake. Je, tumpige kwa hilo?

Na wala Qurani haiukimbii ushahidi. Katika Surat Al-Baqara, na tena katika Surat An-Naml, wapinzani wanaambiwa walete hoja yao kama ni wasema kweli. Anayewataka wenziwe hoja amekwisha kukubali kwamba naye ataulizwa. Wanavyuoni wa elimu ya Tauhidi walilifahamu hilo barabara. Imamu Sanusi wa Tlemcen, aliyefariki karibu na mwaka 1490, alishikilia kwamba mtu mzima mwenye akili hana budi kuijua dalili ya imani yake, japo kwa jumla, asiwe kama aliyeokota dini katika nyumba ya wazazi kama anavyookota kofia. Sisi hapa tumewafunza watoto Aqidatul Awam, wakaimba sifa ishirini, ya kwanza ikiwa ni Wujud, yaani kuwapo. Wanaimba vizuri. Lakini ni walimu wangapi, nami nimo, waliosimamisha wimbo siku moja wakauliza: tunajuaje?

Basi mzigo tunaukubali. Sisi tunaosema yuko, ni juu yetu kuleta ushahidi. Lakini haki ni haki kwa wote. Anayesimama akasema kwa yakini kwamba hakuna Muumba, huyo naye amedai, naye ni juu yake kuthibitisha, kwani kutoona si sawa na kuona kwamba hakuna. Ama yule asemaye "sijui", huyo hakudai kitu, wala hatuna la kumdai kortini. Ana wajibu mmoja tu, nao ni kutafuta, kama vile mtu asiyejua kama njia ina shimo hawezi kwenda usiku bila taa akajitetea kwamba shimo halikuthibitishwa. Watu hawa watatu tumezoea kuwatia katika gunia moja na kuliandika "makafiri". Ni dhuluma. Jirani zetu wa Kenya waliona jambo hili likifika hata mahakamani: mwaka 2016 jumuiya ya watu wasioamini kuwapo kwa Mungu iliandikishwa na serikali mwezi wa Februari, ikasimamishwa miezi michache baadaye, na shauri lake likaenda Mahakama Kuu. Wako Waislamu na Wakristo waliofurahi iliposimamishwa. Mimi sikuona la kufurahia, kwa kuwa kufunga ofisi ya mtu si kujibu hoja yake.

Turudi mkekani. Nilimwambia kijana, "Mwanangu, ushahidi una namna nyingi. Wako mashahidi wa macho, kuna kukiri, na kuna dalili za mazingira. Nabii Yusuf (a.s.) aliposingiziwa, hapakuwa na aliyeona, kanzu iliyochanika kwa nyuma ndiyo iliyosema kweli, na Qurani imeikubali hukumu ile." Nikampa mfano wa kwetu. Shamba linagombaniwa, wazee walioweka mipaka wote wamekufa. Wajumbe wanafika, wanakuta milamula imesimama mstari mmoja kutoka barabarani hadi bondeni. Hakuna aliyemwona mpandaji, wala hakuna mjumbe atakayesema kwamba upepo ndio ulioipanga.

Kijana alitabasamu. Akasema, "Shehe, milamula najua kwamba hupandwa na watu kwa sababu nimewaona watu wakiipanda. Ulimwengu sijauona ukiumbwa, wala sina ulimwengu mwingine wa kuulinganisha nao."

Ndugu zangu, jibu lile si la kitoto, nami sikulipita kwa kelele. Baba yake alitazama chini. Nadhani ndipo alipojua kwamba mwanawe alikuwa hachezi.

Nikamwambia, "Basi tuuache mstari wa milamula, tutazame kuwapo kwenyewe. Wewe una jembe mkononi. Nakuuliza umelitoa wapi, unasema umeliazima kwa jirani. Jirani anasema ameliazima kwa mwingine, na huyo kwa mwingine. Ikiwa kila mtu ni mwazimaji tu, na hakuna hata mmoja mwenye jembe lake, jembe lingekufikiaje? Urefushe mstari wa waazimaji hadi Bukoba, uupitishe ziwani hadi Mwanza, uufanye usiwe na mwisho. Wingi wa waazimaji hauzai mwenyewe. Sasa utazame mgomba. Umetoka katika chipukizi la mgomba mwingine, na ule katika mwingine. Mimi nawe tumetoka kwa wazazi. Jua lina siku yake ya kuwaka na siku yake ya kuzimika. Kila tunachokigusa kingaliweza kutokuwapo. Kuwapo kwake ni kwa kuazima. Wanavyuoni wetu wamekiita kitu cha namna hiyo mumkin, na Yule ambaye kuwapo ni kwake mwenyewe, asiyeazima kwa yeyote, wamemwita Wajibul-Wujud."

Akauliza ambalo kila mwenye akili huliuliza: "Na Mungu ameazima kwa nani?" Nikasema, "Mwenye jembe haulizwi ameliazima kwa nani. Angekuwa ameazima, asingekuwa ndiye tunayemtafuta." Akanyamaza, kisha akasema, "Labda ulimwengu wenyewe ndio mwenye jembe." Nikasema, "Hilo ni dai, nawe sasa umeingia katika wadai. Nionyeshe katika ulimwengu huu kitu kimoja kisichobadilika, kisichochakaa, kisichotegemea kingine." Akasema atalifikiri. Sikumsukuma. Jibu la "nitalifikiri" ni bora kuliko shahada iliyotolewa chini ya fimbo.

Na katika Surat At-Tur Mwenyezi Mungu anawauliza wakanushaji kama wao wameumbwa pasipo kitu, au kama wao ndio waumbaji. Jubair bin Mut'im alizisikia aya hizo Mtume akizisoma katika sala ya Magharibi. Alikuwa bado hajasilimu. Alikuja Madina kwa jambo la mateka wa Badr. Baadaye alisimulia kwamba moyo wake ulikaribia kuruka. Swali ndilo lililomtikisa. Hakuna aliyemtisha.

Nami nilimwambia kijana jambo ambalo wahubiri wengi hatupendi kulisema: hoja hii ya jembe inamfikisha mtu kwa Mwenye kuwapo, haimfikishi kwenye rakaa nne za Adhuhuri. Sala, saumu na zaka tumezijua kwa Mitume, na ukweli wa Mitume una milango yake mingine. Tusimdanganye mtu kwamba amekwisha kufika kumbe amevuka mto wa kwanza tu. Wazee wa nchi hii, kabla ya wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani kutua Kafuro katika zama za Mfalme Rumanyika na wale waliomtangulia, walikuwa na jina Ruhanga, Muumbaji, kutokana na neno lao la kuumba. Akili yao ilikwisha kupita mto huo. Yaliyobaki walihitaji kuletewa habari.

Hapa nataka nitoe lawama kidogo kwa ndugu zangu wa mimbari. Tunawapa vijana hoja mbovu kisha tunashangaa wakizitupa pamoja na dini. Mmoja anasema, "Upepo huuoni, basi amini na Mungu usiyemwona." Kijana wa darasa la sita anajibu kwamba upepo hupimwa. Mwingine anapitisha katika simu picha ya wingu, au ya ndizi iliyokatwa, ati imeandikwa jina la Allah. Wa tatu amesikia kwamba wataalamu wa nyota wanakadiria umri wa ulimwengu kuwa miaka bilioni 13.8, basi anaifunga imani yake kwenye hesabu hiyo, na kesho hesabu ikisahihishwa imani itasahihishwa nayo.

Tazameni alivyofanya Mtume wetu. Katika mwaka wa 10 Hijiria, yaani 632, alifiwa na mwanawe mdogo Ibrahim. Siku ile jua likapatwa. Watu wa Madina wakasema kwamba jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto wa Mtume. Ndugu zangu, ingekuwa ni mtu anayetafuta ushahidi wa kujipamba, ni ushahidi gani mkubwa kuliko huo? Mbingu yenyewe inalia kwa ajili ya mwanawe! Angenyamaza tu, habari ingeenea yenyewe. Lakini alisimama, na machozi ya msiba hayajakauka, akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Akaukataa ushahidi wa uongo uliokuwa upande wake. Mimi kila nisomapo habari hii husema moyoni kwamba mtu huyu hakuwa akisema uongo.

Basi tulikuwa tumekwisha kukaa karibu saa nzima. Jua la Laasiri lilikuwa limeteremka, na yule mzee sasa alikuwa amekaa mkekani. Nikamwuliza kijana, "Mwanangu, swali hili lilikuingia lini?" Hakujibu mara moja. Kisha akasema lilimwingia siku ya tatu ya matanga ya mama yake.

Mama yule alifariki mwaka uliopita baada ya kuugua muda mrefu. Kijana alikuwa akimwombea kila usiku. Na katika matanga yale, watu wawili wazima, Waislamu, walimwambia kwamba dua ya kweli hairudi bure, na kama mgonjwa hakupona, basi huenda aliyeomba hakuwa na imani ya kutosha.

Ndugu Waislamu, hapo ndipo nilipoelewa kwamba kesi iliyoletwa kwangu haikuwa ile niliyoambiwa. Mwenye kudai na alete ushahidi! Watu wale wawili walidai kwamba mgonjwa akiombewa kwa imani lazima apone. Wameutoa wapi ushahidi wa dai hilo? Nabii Ayyub (a.s.) alikaa katika maradhi miaka, naye ni Nabii. Nabii Yaakub alilia hata macho yakawa meupe. Mtume wetu alizaliwa watoto saba, akafiwa na sita, hakubaki nyuma yake ila Fatuma. Ni nani atakayesema kwamba hakuomba vya kutosha? Tulidai kwa jina la Mwenyezi Mungu jambo ambalo Yeye hakulidai, na kijana alipoona dai letu limevunjika mbele ya jeneza la mama yake, alidhani kwamba aliyevunjika ni Mungu.

Nilimwambia habari yangu, nanyi nakuambieni. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama asubuhi ilipokuwa inakaribia Mwanza, na mamia ya watu wa mkoa huu wakafa. Mwenzangu niliyesoma naye chuoni, tuliyekula naye sahani moja, alikuwamo. Wengi wenu mnakumbuka kwamba kulikuwa na walionaswa hai ndani ya meli iliyopinduka, wakigonga chuma. Nilikuwa kijana, nimekwisha kuvaa kilemba cha elimu, na nilijua kwa moyo dalili zote za Tauhidi. Lakini usiku nilikuwa nikisikia ule mgongano wa chuma, nikijua kwamba ndani mle palikuwa na watu wanaoomba kwa majina yote ya Mwenyezi Mungu. Kwa muda wa siku nyingi nilisimama katika sala midomo ikienda peke yake.

Nilimwendea mwalimu wangu nikidhani atanifukuza. Hakunipa dalili hata moja. Alinipa chai, akanikumbusha kwamba Masahaba walimwendea Mtume wakamlalamikia kwamba wanaona ndani ya nafsi zao mambo ambayo kila mmoja anaona ni makubwa mno kuyatamka. Mtume aliwaambia kwamba hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Yaani kule kuumia kwao kwa ajili ya shaka ndiko kulikoonyesha kwamba moyo bado uko hai. Akanikumbusha Nabii Ibrahim, rafiki wa Mwenyezi Mungu, aliyeomba aonyeshwe namna wafu wanavyofufuliwa ili moyo wake utulie, hakukemewa, alionyeshwa. Akanitajia na Imamu Ghazali, mwalimu mkuu wa chuo cha Nidhamiya, ambaye aliandika waziwazi kwamba kwa muda wa karibu miezi miwili aliingiwa na shaka hata juu ya yale anayoyaona kwa macho, akasema kwamba hakuponywa na mpangilio wa hoja, bali na nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake. Mtu huyo ndiye aliyeiacha Baghdad mwaka 1095 na kwenda kuitafuta yakini.

Sikupata jibu la wale waliokuwa wakigonga chuma. Mpaka leo sinalo. Najua kwamba wanadamu ndio walioipakia meli ile kupita kiasi, lakini sikumwambia kijana neno hilo kana kwamba linamaliza kila kitu, kwa sababu mama yake hakupakiwa na mtu. Nilimwambia tu kwamba swali la "je, yuko?" na swali la "kwa nini alimchukua mama yangu?" ni maswali mawili, la kwanza lina hoja, tumezitazama, la pili halitibiwi kwa hoja, na aliyelijibu kwa hoja katika matanga yako alikukosea. Na nikamwomba radhi kwa niaba yetu.

Kisha nikamgeukia mzee, aliyetaka hukumu ya kitabu. Nilimwambia kwamba kitabu kimekataza kulazimishana katika dini, katika Surat Al-Baqara, na hata Katiba ya nchi yetu katika ibara ya 19 imeiacha imani kuwa ni hiari ya mtu. Kwamba hana hukumu ya kumtoa mwanawe nyumbani. Kwamba mtu anayetafuta hafungiwi mlango, kwa kuwa akifungiwa atautafuta mlango mwingine. Mzee alikaa kimya kitambo kirefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Shehe, na mimi siku zile nilikuwa najiuliza. Sikumwambia mtu." Kijana alimtazama baba yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

Waliondoka pamoja kabla ya Magharibi. Fimbo niliiona baadaye, imebaki imeegemezwa ukutani kwangu, na mpaka leo hakuna aliyeirudia.

Sikuambieni kwamba kijana yule sasa anasali, kwa kuwa hasali. Hunijia baadhi ya Alhamisi, hukaa, huuliza. Mara ya mwisho alisema kwamba lile la ulimwengu kuwa mwenye jembe ameliacha, lakini ana jingine, nami nimelichukua nikalisome, sijalipatia jawabu linaloniridhisha. Nyinyi mlioko hapa, mnaofahamu ni nani, nakuombeni kitu kimoja tu: mkikutana naye njiani, msalimieni kama mlivyokuwa mkimsalimia mama yake yu hai. Na wale wawili waliosema naye katika matanga, ikiwa wananisikia, nyumba yao wanaijua.

Nayasema haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha, kwa ajili yangu na kwa ajili yenu na kwa Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwenye kusamehe, Mwenye kurehemu.